Nganda ya Kamalondo: snuka kwenye tele, Lucky Dube ubaoni

Kama unatafuta nganda (baa) ya kucheza dansi mpaka alfajiri, komini ya Kamalondo hapa Lubumbashi, Kongo, imejaa hizo, huna haja ya kuendelea kusoma. Hii ninayoielezea ni ya watu wa kukaa. Wateja wameshika bia yao ya Simba, macho yako kwenye tele, na kwenye tele wanaume wawili waliovaa vizibao na tai za kipepeo wanazunguka meza ya kijani wakipima mipira ya snuka. Muziki umezimwa. Ukicheka kwa nguvu wakati mchezaji ameinama kupiga, nusu ya nganda inageuka kukutazama. Naipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeizuia kwa makusudi, na sababu nitazisema, maana pesa niliyolipa ni yangu.

Mjue kwanza ni jicho la nani linalosema. Mimi ni fundi wa nguo, cherehani yangu iko komini Kenya (Kenya yetu ya Lubumbashi, si ya Nairobi). Mteja mmoja alikuja na simu akitaka nimshonee kizibao kama cha wale wa snuka. Picha ilikuwa na ukungu, mgongo hauonekani, mifuko haionekani. Nikamwambia, papa, mimi sikati kitambaa cha mtu kwa kukisia. Akasema basi twende ukaone mwenyewe. Kizibao kilishonwa, kikalipwa, mteja akahamia Likasi. Mimi nikabaki na nganda.

Haina jina mlangoni. Ukifika upande wa uwanja wa timu ya mpira ya Mazembe, ulizia nganda yenye ubao wa maulizo, hata mtoto anayeuza mayai ya kuchemsha atakuonyesha. Ni kiwanja kidogo chenye mwembe, viti vya plastiki, mbabula (majiko ya makaa) mbili za michopo, yaani mbuzi wa kuchoma, pembeni, na chumba kimoja kirefu ambamo tele imefungwa ukutani juu kupita kiasi, shingo inauma. Kando ya mlango kuna ubao mweusi wa shule. Mwenye nganda ni mzee aliyeendesha malori ya kwenda Afrika Kusini miaka mingi, na kila asubuhi anaandika hapo ulizo moja kwa chaki. Maulizo yote ni juu ya mtu mmoja: Lucky Dube, mwimbaji wa rege wa Afrika Kusini. Si Bob Marley, si Alpha Blondy. Nilimwambia achanganye kidogo, akanijibu, "Mama Fundi, Bob Marley iko na dunia muzima ya kumukumbuka. Huyu ni wa huku kwetu." Kwa dereva wa zamani, huku kwetu ni barabara yote inayotoka mpakani Kasumbalesa, ikapita Zambia, mpaka Johannesburg.

Siku nyingine ulizo ni la bure. Alizaliwa mji gani? Ermelo, mwaka 1964, kila mtu anaandika. Kwa nini aliitwa Lucky? Mama yake alikuwa amepoteza mimba kabla yake, huyu alipozaliwa akaona ni bahati. Siku nyingine mzee ameamka vibaya na unakuta kitu cha kukupasua kichwa: kabla ya rege aliimba muziki gani, na kundi gani? (Mbaqanga, kwa Kizulu, na The Love Brothers, kundi la binamu yake Richard Siluma.) Albamu yake ya kwanza ya rege ilipatwa na nini? Hilo nililipenda. Iliitwa Rastas Never Die, ilitoka mwaka 1984, ikauza nakala kama 4,000 tu, wakati zile za mbaqanga zilikuwa zinafika 30,000. Halafu mwaka 1985 serikali ya ubaguzi ikaipiga marufuku. Nikawaza: mtu ana kazi inayomlisha, anaiacha kwa nyingine ambayo haina wanunuzi na inamtafutia kesi. Mafundi wangapi wangethubutu?

Jibu unaliandika kwenye kikaratasi pamoja na jina lako, unakitumbukiza kwenye kopo la maziwa ya unga pale kaunta. Kikaratasi cha kwanza kuchomolewa chenye jibu la kweli kinapata Simba moja au sukre (soda) mbili. Hakuna zaidi. Wapo wanaofika saa kumi na mbili jioni kwa ajili ya sukre mbili, nao wana magari.

Kilichonifanya nikae chini niandike ni namna haya mambo mawili yanavyoshikana. Mashindano makubwa ya snuka yana mapumziko: baada ya fremu (raundi) nne wachezaji wanatoka, kama dakika 15. Nganda nyingine hapo wangebadilisha chaneli. Huyu mzee anapunguza sauti ya watangazaji wa Kifaransa, anashika kopo, anachomoa vikaratasi kimoja kimoja na kuvisoma vyote, hata vya upumbavu. Jibu likipatikana anaweka wimbo wa Lucky Dube, mmoja tu, na akiweza anachagua wa miaka ile ile ya ulizo. Wimbo ukiisha spika inazimwa, wachezaji wanarudi, kimya. Kwa hiyo muziki unasikilizwa kwa sababu ni kidogo. Lucky Dube nimemsikia tangu utoto, sokoni, kwenye taksibasi, kwenye matanga, lakini sikuzote juu ya kelele nyingine. Pale ndipo nilipokisikia kinanda chake kikiwa peke yake, na wale wadada wanaoitikia nyuma nikawatambua kila mmoja na sauti yake.

Usiku uliochangamka kuliko yote ulikuwa wa ulizo hili: Lucky Dube aliimba kwa lugha gani, na alitumia jina gani lingine? Vikaratasi vilisema Kizulu na Kiingereza. Kijana mmoja fundi wa magari aliandika Kilingala, tukamcheka sana. Mzee akangoja kicheko kiishe, akasema: "Na Kiafrikana." Akaeleza kwamba Lucky Dube alitoa albamu ya Kiafrikana, lugha ya Makaburu, akijiita Oom Hansie. Nganda ikakataa. "Luga ya ba Boeri? Papa, unatudanganya!" Muuza vipuri aliyewahi kukaa Johannesburg akatafuta kwenye simu yake, akainua mkono: "Njo vile, bandugu. Iko." Hapo ubishi ndio ukaanza. Wengine walisema mtu hawezi kuimba kwa lugha ya waliomfungia albamu. Mama mmoja, muuza samaki wa kukausha, alisema lugha haina kosa, kosa ni la watu, na yeye mwenyewe anahesabu pesa zake kwa Kifaransa. Mzee alisimama upande wa mama wa samaki. Fremu ya tano ilianza bila yeyote kuiona, na ndiyo mara pekee nilimsikia mzee akiongea huku mchezaji ameinama.

Kwa asiyejua snuka, nitasema haraka. Mipira ni 22. Mmoja ni mweupe, ndio unaopigwa kwa fimbo. Kuna 15 myekundu ya pointi moja moja, na sita ya rangi: wa njano 2, wa kijani 3, wa kahawia 4, wa buluu 5, wa pinki 6, mweusi 7. Unaingiza mwekundu tunduni, kisha wa rangi, kisha mwekundu tena, na ule wa rangi unarudishwa mezani mpaka myekundu iishe. Ukichagua mweusi kila mara na usikose hata mmoja, unafika 147. Ronnie O'Sullivan alifanya hivyo Sheffield mwaka 1997 kwa muda usiofika dakika tano na nusu. Kuna siku mashine yangu ikikorofisha, muda huo ni wa kubadilisha bobini tu.

Lakini mimi sikukaa kwa ajili ya hesabu, nilikaa kwa ajili ya kitambaa. Usiku mmoja, kabla ya wachezaji kuingia, kamera ilionyesha mafundi wa meza wakiisafisha kwa brashi, kisha wakachukua pasi. Pasi ya kweli, ya umeme, ndefu, wakaivuta juu ya meza kuanzia upande wanaoanzia mchezo mpaka upande wa mpira mweusi, safu baada ya safu, bila kurudi nyuma hata mara moja. Nikasimama. Kile kitambaa ni cha sufu na kina vinyoya vinavyolala upande mmoja. Aliyewahi kushona mahameli anajua adhabu yake: vipande vyote lazima vikatwe vinyoya vikiangalia upande mmoja, la sivyo bega moja linang'aa na lingine linakuwa giza, na mteja anakurudishia gauni siku ya harusi. Mezani shida ni ile ile, ila wao wanailipa kwa pointi. Mpira unaokwenda polepole kinyume cha vinyoya unapinda kidogo, hasa ukilenga matundu ya katikati, na mchezaji asiyeweka hilo kichwani anabaki ameshika kiuno.

Niliwaeleza waliokaa karibu, nikawaonyesha kwa kiganja juu ya mahameli niliyokuwa nayo kwenye mfuko. Wakaipitishia mikono zamu kwa zamu, huku na huku. Tangu hapo nimepewa kazi bila mshahara. Mpira ukikosa tundu kwa kidogo, mtu anageuka: "Mama Fundi, ni kitambaa ao ni mkono?" Mara nyingi ni mkono.

Na vizibao, jamani. Kizibao kizuri kinapimwa mtu akiwa ameinama, si amesimama, kwa sababu mchezaji wa snuka anafanya kazi yake ameinama. Mgongo unahitaji nafasi, mbele panahitaji kubana, na makwapa yakatwe chini zaidi ili mkono wa nyuma uende na kurudi bila kuvuta bega. Nimeona mabingwa wa dunia ambao mashati yanachomoka kiunoni kila wakilala juu ya meza. Ningewaomba nusu saa tu na futi yangu ya kupimia.

Sasa siasa, maana Lubumbashi haiwezi kutazama kitu bila siasa. Nusu fainali ya dunia ya mwaka 2023 ilikuwa Luca Brecel, Mbelgiji, na Si Jiahui, Mchina wa miaka 20. Fikiria mwenyewe: chumba kina wazee waliozaliwa wakati wa Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, vijana wao wanafanya kazi kwenye migodi ya Wachina, na wote wamekaa wanatazama Mbelgiji na Mchina wakigombea meza. Mchina akaongoza 14 kwa 5. Mzee mmoja akatangaza kwamba hesabu imefungwa, Mbelgiji alishakula zamani, sasa ni zamu ya wengine. Wawili waliapa hawatamshangilia Mbelgiji hata iweje. Brecel akachukua fremu 11 mfululizo, akashinda 17 kwa 15, na mmoja wa wale wawili nilimwona kwa macho yangu akipiga makofi chini ya meza. Fainali Brecel akamfunga Mark Selby 18 kwa 15, Mbelgiji wa kwanza kuchukua taji hilo. Mwaka 2025 Zhao Xintong akamshinda Mark Williams 18 kwa 12, Mchina wa kwanza, na yule mzee wa hesabu akalipia meza nzima, akisema yeye alikosea mwaka tu.

Ningependa wanawake wenzangu wasome sehemu hii. Nganda nyingi mwanamke akiingia peke yake, kabla hajakaa ameshatumiwa chupa asiyoiomba, na chupa hiyo ina bei yake. Pale sijawahi kuona. Sidhani wanaume wa pale ni watakatifu kuliko wengine. Wana kitu cha kutazama, na wana ulizo la kubishania, basi mdomo umepata kazi. Mtu akikukaribia anataka kujua kama Lucky Dube alikwenda Jamaika mwaka gani (1991, kwenye tamasha la Reggae Sunsplash, Mwafrika Kusini wa kwanza kupanda pale, na watu wakamrudisha jukwaani akaongeza dakika 25). Mhudumu ni msichana anayeniita yaya (dada mkubwa) na anayekumbuka kwamba mimi nakunywa sukre bila barafu. Mzee mwenyewe akimwona mwanaume anavuta kiti chake bila kukaribishwa, anamwita kaunta kwa jina. Inatosha.

Haya, nyota niliyoizuia. Kwanza, tele. Rangi zake zimechoka, wa kahawia na myekundu vinafanana, na wageni wanashangilia mpira ambao si wenyewe. Kwa mchezo mwingine ningesamehe. Snuka ndiyo mchezo ambao Waingereza waliupenda kwa sababu ya tele ya rangi: BBC walianza kipindi cha Pot Black mwaka 1969 hasa ili watu waone rangi zinavyong'aa. Mtangazaji wao Ted Lowe alibaki kwenye historia kwa kuwaambia wenye tele za nyeusi na nyeupe kwamba mpira wa pinki uko karibu na wa kijani. Mzee tumemwambia. Anasema tele ni kama mke, huibadilishi kwa sababu ya macho. Mke wake alikuwa pale pale na hakucheka.

Pili, jenereta. Umeme ukikatika inawashwa haraka, hongera, lakini imewekwa nyuma ya ukuta ule ule wa tele, na ule utulivu uliokuleta unageuka kinu cha mahindi. Tatu, choo. Kuna kimoja, taa yake haiwaki, beba tochi ya simu na roho ngumu. Nne, simu zenyewe: watu wanatafuta majibu kwenye intaneti wakiwa wamesimama mbele ya ubao, bila haya. Mzee anajitetea kwa kuuliza mambo ambayo simu inajibu vibaya, lakini maisha ya mtu mmoja yana maulizo mangapi? Nimeshaona lile la Ermelo likirudi. Kuhusu mwisho wake, Rosettenville, 18 Oktoba 2007, alipopigwa risasi na wezi wa magari baada ya kuwashusha wanawe, mzee haulizi kamwe. Siku hiyo ya mwaka ubao unaachwa mtupu na kopo linageuzwa chini juu. Hilo silihesabu kama kosa.

Na ujue: Mazembe wakicheza, snuka haipo. Usibishane, utatolewa.

Chakula ni cha kawaida isipokuwa michopo. Mbuzi anachomwa taratibu, chumvi imeingia mpaka mfupani, kitunguu kibichi na pilipili ya kusaga juu ya karatasi, na bukari (ugali) inayoletwa ikiwa moto kweli. Samaki sikuzipenda, zimekaa kwenye mafuta sana. Mara ya mwisho Simba kubwa ilikuwa franka 4,000, na sahani ya michopo na bukari 9,000. Kwa Kamalondo si rahisi, wala si wizi.

Muda wa kwenda: mashindano ya dunia yanachezwa Aprili mpaka Mei, siku 17, kwenye ukumbi wa Crucible, Sheffield, ambako yamekuwa tangu 1977. Majira hayo Uingereza iko saa moja nyuma yetu, kipindi cha jioni kinaanza kwetu saa mbili ya usiku, na ulizo linasomwa kama saa tatu na nusu. Masters, mashindano mengine ya snuka ya London, ni Januari, wako saa mbili nyuma, kwa hiyo hapa ni saa tatu ya usiku, mvua ndiyo hiyo, avenyu ina matope, na fainali inavuka usiku wa manane. Panga usafiri mapema na mtu wa pikipiki unayemjua. Kaa upande wa kushoto wa chumba, dirisha la kulia linapiga mwanga kwenye kioo cha tele. Lipa unapoagiza, chenji ni shida baada ya saa nne, na dola iliyochanika hata ncha hawaipokei.